Sifuri Isiyotajwa

Sitajipamba. Nilimwonea Lorraine Haskett wivu msimu mzima, na kila aliyekaa karibu nasi alijua. Viti vyetu viko bega kwa bega nyuma ya wavu wa kuzuia mipira, safu ya tatu, katika uwanja wa Kambare, timu yetu ndogo ya besiboli hapa Harlow Bend. Mimi nina miaka ishirini na sita kwenye kiti changu. Yeye ana miwili, na mwaka wa kwanza alikuja kwa ajili ya soseji.

Wachezaji wa ligi hizi ndogo hawana uwezo wa kupanga nyumba, kwa hiyo mashabiki huwakaribisha majumbani. Mwaka jana nilipewa Ellis Rademaker, mrushaji wetu. Alilala chumba changu cha chini, akala chapati zangu za maji sita sita kila asubuhi, akaanza kuniita mama bila kuombwa. Kila mchezo, kabla hajaenda kurusha, alipenyeza pakiti ya mbegu za alizeti chini ya wavu akanipa.

Aprili mwaka huu nikapasuliwa goti. Lorraine akajitolea kukaa na Ellis wiki mbili tu, mpaka nisimame. Nilisimama Mei. Ellis hakurudi. Alinieleza kwa upole kwamba nguo zake zilishapangwa kule, na tena Lorraine ana bwawa la kuogelea. Mbegu za alizeti nazo zikahamia kiti cha pili. Lorraine hata hazili, huwamwagia ndege uani kwake, na kila akinisimulia habari za ndege hao kijiba cha roho kilinikaba.

Basi ikafika Jumapili ya mwisho ya Julai, mchana wa jua kali. Nyuma yetu walikaa wanaume watatu kutoka timu kubwa, wenye kofia na madaftari. Walikuja kumpima Ellis. Akiwaridhisha angepandishwa daraja. Asipowaridhisha, ana miaka ishirini na sita na kaka yake anamsubiri kwenye karakana ya matairi. Hayo Ellis alimwambia Lorraine, na Lorraine ndiye aliyeniambia mimi.

Huwa naandika mchezo mzima kwa penseli, rusho kwa rusho. Kufikia raundi ya tano, safu ya mapigo ya wageni kwenye daftari langu ilikuwa bado sifuri. Mrushaji akimaliza raundi zote tisa bila mpigaji hata mmoja kufanikiwa kumpiga, jina lake halisahauliki mjini. Lakini jambo hilo halitajwi likiwa linaendelea. Ukilitaja umeliharibu, na hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua. Mwaka jana mchungaji wetu alifungua mdomo katika raundi ya sita, nikamfinya paja mpaka akatokwa na machozi. Ellis aliniona kutoka uwanjani, akacheka mpaka mwamuzi akamkemea.

Raundi ya saba ikafika nusu, tukasimama kujinyoosha na kuimba kama kawaida, tena kwa sauti za chini. Muuza bia aliacha kupiga kelele. Hakuna aliyebadilisha kiti wala kwenda msalani. Nami nilikuwa nikifikiria kitu kimoja tu: akipanda, ataagwa kwenye baraza la Lorraine. Picha itapigwa pale, na Lorraine ataibandika kwenye friji lake.

Raundi ya nane ilipoanza, Lorraine akaniinamia.

"Verna, shoga yangu, mbona watu wamekaa kama wako msibani?"

Ningeweza kumnong'oneza anyamaze, yakaisha. Ningeweza kumfinya. Badala yake nikamgeuzia daftari, nikaweka kidole juu ya sifuri.

"Hebu jionee mwenyewe."

Alisoma, midomo ikicheza. Kisha akasimama, uso umemjaa furaha, akawageukia watu wote wa upande wetu.

"Jamani, mwanangu hajapigwa hata pigo moja leo."

Watu walifumba macho. Bwana mmoja wa safu ya nne alivua kofia akajifunika uso. Rusho lililofuata, mpigaji wa wageni aliupeleka mpira kushoto kabisa, ukadunda nyasini bila kudakwa. Yakaja mapigo mengine mawili, na kocha akamtoa Ellis. Wale wanaume watatu walifunga madaftari, wakaondoka hata raundi ya tisa haijaanza. Yule bwana wa safu ya nne alimweleza Lorraine kosa lake kwa maneno ambayo siyaandiki. Nami nilifurahi. Kama dakika mbili hivi nilifurahi kweli, na sioni sababu ya kudanganya.

Mchezo ulipokwisha Ellis alikuja kwenye wavu, barafu imefungwa begani. Lorraine alikuwa analia.

"Ni mimi, mwanangu. Nimelitaja. Sikujua kama ni mwiko."

"Usilie, mama. Mpira nimerusha mimi, si wewe."

Kisha akaniangalia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mama Verna, mwaka jana ulimfinya mchungaji. Leo huyu hukumfinya?"

Nikafungua mdomo nisingizie goti. Lorraine akanishika mkono, akanitetea kwa moyo wake wote.

"Usimlaumu Verna, jamani. Yeye hata hakusema neno. Alinionyesha daftari tu."

Ellis aliitazama ile penseli mkononi mwangu. Alitoa pakiti ya mbegu mfuko wa nyuma, akaigeuzageuza, akairudisha mfukoni. Akamwambia Lorraine kwamba atamsubiri kwenye gari, na kwamba wapitie dukani kununua masanduku ya kufungashia, maana kaka yake wa karakana ameshapiga simu.

Lorraine alinibusu shavuni, akaondoka mbio kumfuata. Mimi nilibaki na daftari wazi mapajani. Ile sifuri nilikuwa bado sijaigusa. Nikaifuta, nikaandika tatu.