Bunduki ya Babu Ilipopona

Niliitengeneza mimi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akamsingizia Mjomba Fundi, ambaye kosa lake pekee ni ubahili wa maneno.

Nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa wiki mbili. Shule yetu ya bweni ina kengele, kengele ina ulimi, na asubuhi ya mtihani ulimi huo ulikutwa umevishwa soksi tatu. Barua ya shule ilinitaja kuwa "chanzo cha usingizi wa wanafunzi mia nne". Mama aliisoma mara mbili, akanipeleka kwenye karakana ya kaka yake mkubwa, fundi bunduki mwenye leseni, nikafunzwe adabu kwa msasa na mafuta ya taa.

Mezani ililala shotgani ya marehemu babu, ile ya kukoki kwa kuvuta mkono wa mbao ulio chini ya mtutu, nyuma kisha mbele. Ilikuwa imekula chumvi nyingi kuliko Mama. Aliyeileta ni mdogo wao wa mwisho, Mjomba Bondia, aliyepigana ulingoni mara tisa na nje ya ulingo mara zisizo na idadi. Wiki hiyo alikuwa amemkaba koo muuza nyama wa mtaa wa pili kwa kosa la kumwambia apange foleni. Muuza nyama, mtu wa vitendo, aliinua paja la ng'ombe lililoganda akamtandika nalo usoni. Meno mawili yalibaki sakafuni, foleni nzima ikiyatazama. Mjomba Bondia akaapa: bunduki ya baba itapona Ijumaa, na muuza nyama hataiona Jumamosi.

"Kweli unamtengenezea?" nilimuuliza Mjomba Fundi.

"Nikikataa, ataipeleka kwa mwingine. Piga msasa."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizonipa.

Nilipiga msasa siku tatu. Tuliloweka vyuma, tukasugua kutu, tukabadilisha springi iliyokuwa imelegea kama ahadi ya mlevi. Ule mkono wa mbao ukaanza kuteleza, ukitoa mlio mtamu: krr-chak. Alhamisi Mjomba Fundi alitumbukiza ganda lenye fataki tu, bila baruti wala chembe za risasi, akavuta kifyatulio.

Tk.

"Imekufa," alisema, akaiweka rafuni na kwenda kituoni kuhuisha leseni yake. Ningeweza kuapa kwamba alikuwa anatabasamu.

Sasa mimi nina kasoro moja: sipendi kushindwa na kitu kisichopumua. Nikaishusha. Nyundo yake ya ndani ilianguka vizuri, springi ilikuwa na nguvu, lakini fataki haikuwa na hata alama. Kwa hiyo pini inayogonga fataki haifiki. Nikaitoa. Ncha ilikuwa fupi, bapa, tena inang'aa. Mtu mwenye akili angejiuliza chuma cha umri ule kinang'aaje. Mimi nilijiuliza tu nyingine iko wapi. Nilifukua vipuri vya bunduki zilizokufa, nikapata pini ya shotgani dada yake, ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Nikajaribu na fataki nyingine.

Paa! Paka wa karakana hajaonekana hadi leo.

Nikairudisha rafuni, nikanyamaza. Nilitaka kuiona sura ya Mjomba Fundi atakapogundua. Kwa muuza nyama sikuwa na wasiwasi. Mjomba Bondia huapa kuua kila wiki, mara nyingi kabla ya chai.

Ijumaa saa nne asubuhi aliingia na risasi tatu mfukoni mwa shati. Uso ulikuwa bado umevimba.

"Iko wapi?"

"Imekufa, mdogo wangu," Mjomba Fundi alijibu, akamkabidhi. "Uzee."

"Uzee! Na wewe nani anakuamini?" Akasukuma risasi moja ndani. Krr-chak. "Huyo mbwa ataniambia leo foleni inaanzia wapi."

Akageukia mlango. Mjomba Fundi akamtangulia, akasimama kizingitini, akaziba mdomo wa mtutu kwa kiganja chake cha kushoto, ametulia kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa ile ncha iling'aa kwa kusagwa na tupa ya nani.

"Mjomba, toa mkono! Ni—"

"Nyamaza, mtoto. Haiwaki hii."

"Si umesema imekufa?" Mjomba Bondia akacheka kwa pengo lake, akavuta kifyatulio.

Nilidhani paa limeanguka. Damu iliruka mpaka kwenye kalenda. Kiganja cha Mjomba Fundi kilibaki na vidole vitatu, na kimojawapo kilikuwa kinaning'inia kwa ngozi. Mdogo wake alipauka. Kisha akaitazama bunduki, na aibu usoni mwake ikageuka hasira, kwani hasira ndiyo aliyoizoea.

"Kumbe nzima! Umenidanganya, kaka! Unamlinda yule!"

Akaingiza mkono mfukoni kutafuta risasi nyingine. Mjomba Fundi akamrukia kwa kichwa, pua ikavunjika kwa mlio wa karanga. Wakaanguka. Risasi mbili zikabingirika. Nilizipiga teke zikaingia chini ya kabati zito. Mjomba Bondia alimtwanga kaka yake mbavuni, mara nne, mara tano, lakini mzee hakuuachia mtutu. Aliuburuta hadi kwenye jiriwa, kibanio cha vyuma pale mezani, akauingiza kati ya meno ya kibanio hicho, akazungusha mpini kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukimwaga damu juu ya msasa wangu.

"Piga!" akanipigia kelele.

Nilichukua nyundo kubwa nikapiga mtutu. Ngumi ya Mjomba Bondia ikanipata sikioni. Nikapiga. Nyingine ikanipata mdomoni, nikatema jino, nikapiga. "Acha! Ni ya baba!" alilia, akinikaba kwa nyuma, nami nikapiga hadi ule mtutu ukapinda kama kiwiko.

Mikono ikalegea shingoni mwangu. Mjomba Bondia aliutazama mtutu, kisha kaka yake aliyekaa sakafuni amepauka kama chokaa. Akavua shati, akamfunga mkono, akambeba mgongoni kama mtoto, akakimbia naye barabarani akilia kwa sauti kuelekea hospitali. Niliwafuata, na pale mlangoni pa hospitali nikamsikia akiwafokea watu waliopanga foleni wampishe.

Siku ya pili niliruhusiwa kuingia wodini. Vidole viwili vilikuwa vimekwenda moja kwa moja. Cha tatu walikishona. Mjomba Fundi aliniuliza:

"Nani aliweka pini?"

"Mimi, Mjomba."

"Iliingia bila kupigwa tupa?"

"Iliingia yenyewe."

"Ikakaa sawa?"

"Sawa kabisa."

"Kazi safi," alisema. Kisha akaniita nisogee karibu, akanizaba kibao kwa mkono wake mzima hadi muuguzi akaja kuuliza ni nini kimeanguka.