Mapigo Manane ya Kutoimba

Mwalimu Anselmo alipogawa wimbo mpya wa urafiki, kwaya nzima iliupenda isipokuwa Agatha wa sauti ya pili. Aliusoma mara mbili, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wimbo huu unasema uongo."

Watu wakaguna. Agatha alikuwa na miaka ishirini na saba, na wenzake walishazoea kwamba akiwa na neno hulitoa lilivyo. Daktari alikwisha kumweleza mama yake kuwa hali hiyo inaitwa usonji. Agatha alifurahi kupata jina la hali yake, wengine walilinong'ona.

"Uongo uko wapi?"

"Hapa. 'Rafiki nishike mkono, nitazame machoni.' Mimi nikishikwa ghafla ngozi inawaka. Nikitazamwa machoni sisikii maneno. Lakini rafiki ninaye."

Anselmo, aliyeutunga mwenyewe kwa wiki tatu, akasema, "Haya, tuandikie wa kweli."

Alidhani amemnyamazisha. Agatha akalichukua kama kazi aliyopewa.

Rafiki huyo alikuwa Kashinje, mama wa Kisukuma aliyeuza maziwa mgando kando ya mashine ya kukoboa mpunga pale Kawajense, ambako Agatha alipepeta mchele. Kila mchana walikula pamoja, ubavu kwa ubavu, wakiangalia barabara. Kashinje hakuwahi kumuuliza mbona amenuna.

Kuandika kukamshinda. Kila neno zuri alilojaribu, upendo, moyo, daima, lilikuwa limeshaimbwa na watu wengine. Siku ya nne akayafuta yote, akaandika tu aliyoyaona:

*Umekaa kando yangu, si mbele yangu.*
*Umesema nakuja, kabla hujaja.*
*Mashine ikinguruma wahamisha ndoo zako,*
*nami nakufuata, hatusemi kwa nini.*

Kiitikio kikakataa kuja. Mwishowe akaelewa kwamba baina yao wawili, kiitikio kilikuwa kimya. Akaandika chini: mapigo manane, msiimbe.

"Watu watadhani tumesahau," Anselmo alilalamika mazoezini.

"Wasubiri," alisema Agatha.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Ubeti wa kwanza wa wimbo wa Agatha ukaisha, sauti arobaini zikakatika kwa pamoja. Agatha akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Bati la paa lilisikika likilia kwa joto la jua. Tatu. Hakuna aliyekohoa. Kimya alichoishi nacho peke yake tangu utoto, sasa watu mia tano walikuwa wamekishika pamoja naye, taratibu, kama mtu abebavyo beseni lililojaa maji. Saba. Nane. Kwaya ikaingia, hata mmoja hakuchelewa, na Anselmo akaongoza huku machozi yakimdondoka wazi mbele ya parokia.

Nje, baada ya misa, Kashinje, ambaye hata si Mkatoliki, alikuja akasimama ubavuni kwa Agatha.

"Nilikuwa sioni kitu usoni mwako," alisema. "Nikadhani labda hujali. Kumbe ulikuwa unaona."

"Niliona yote."

Ndipo mzee mmoja akawakaribia, kofia mkononi. Alijitambulisha kwa jina la Luhende, wa kijiji cha Kabungu.

"Nina binti wa miaka tisa," alisema. "Hachezi na mtu. Nilikuwa nampigia kelele. Dada, naomba hayo maneno."

Agatha akaketi kwenye ngazi za kanisa, akaanza kumnakilia mstari kwa mstari, na pale pasipoimbwa akaandika namba, moja hadi nane.