Mistari Minne ya Honora Quill

Mlio ulipanda kwanza kupitia nyayo, ukaingia magotini, ndipo ukafika masikioni: mitambo mia nne ya kufuma ikianza kazi kwa pamoja, saa moja kasorobo asubuhi. Taa zilikuwa bado hazijashika vizuri, lakini mlio ulikuwa umeshakijaza chumba kama maji kwenye ndoo. Humo ndani hakuna aliyepoteza sauti yake bure. Wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu, na macho ndiyo yaliyosikiliza.

Ovila Racette alifundishwa kusoma midomo na Honora Quill, aliyefuma pale kando ya Mto Merrimack miaka thelathini na minane, mpaka mitambo ikamla masikio yote mawili. Majira ya baridi yaliyopita kiwanda kilimwondoa kwa kuwa hasikii king'ora cha hatari. Kwa kumuaga, kikampa zawadi ya saa ya kengele.

"Wananipenda sana," Honora alikuwa akiwaambia watu kwa ile sauti yake kubwa ya kiziwi. "Wanataka niamke mapema kwenda nisikotakiwa."

Sasa kiwanda kilikuwa kinafungua jengo jipya, na meneja, Bwana Lathrop, alitaka shairi la kusifu maendeleo. Aliambiwa yuko kijana mfumaji anayetunga. Ovila alikuwa na miaka ishirini na miwili, elimu ya maktaba ya mji, na majivuno ya watu watatu. Akapeleka shairi ofisini. Bwana Lathrop alitafuta ndani yake mungu wa kike mwenye mwenge, asimwone; akatafuta vina, asivipate.

"Hili si shairi, kijana. Halina vina wala mizani."

"Mizani ipo, bwana. Shuka chini uisikilize sakafuni."

Sehemu ya sifa ilimridhisha kidogo meneja, maana Ovila alizipenda kweli zile mashine, kama mtu anavyompenda farasi aliyewahi kumpiga teke. Lakini mistari minne ya mwisho, iliyomtaja Honora, aliipiga kalamu nyekundu. Ovila asome iliyobaki. Akiligusa jina la yule mama, bendi ya sherehe itapiga kumzima, na Jumatatu asijisumbue kuja.

Delphine, wa mtambo wa jirani, alimshauri kwa midomo aache ushujaa, kwani mistari minne haijazi tumbo. Ovila akamjibu kwamba tumbo lake limezoea njaa. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshamwambia Honora kuwa jina lake litatajwa mbele ya kiwanda chote, na Honora alikuwa ameshainyoosha kofia yake ya kanisani.

Jumamosi mchana, siku ya ufunguzi, uwanja wa kiwanda ulijaa wafumaji mia nane, sahani za maharage mikononi. Honora alisimama mbele kabisa. Ovila alipanda jukwaani, akatoa sauti:

"Nakusifu, mashine. Najua uzito wako,
maana mlio wako hulala nami mifupani.
Unavisha miji, unavisha majeshi,
unavisha watoto wasiolijua jina langu."

Watu walipiga makofi. Bwana Lathrop akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Lakini rudisha..."

Mkono wa meneja ukapanda. Tarumbeta zikalipuka, ngoma kubwa ikafuata, na sauti ya Ovila ikazama palepale. Alibaki kinywa wazi. Bwana Lathrop alikuwa akitabasamu.

Ndipo Ovila akaupima ule mlio kwa nyayo zake. Haukufika hata nusu ya mlio wa chumba cha kufumia. Kila siku ya Mungu alikuwa akipiga soga katika makelele makubwa kuliko hayo. Akaiacha sauti, akainua uso, akaifungua midomo yake taratibu:

Lakini rudisha masikio ya Honora Quill.
Alikupa asubuhi za miaka thelathini na minane,
nawe ukampa saa ya kengele.
Kama wewe ndiwe kesho, mfumie naye nguo ya kuingilia humo.

Vijiko vilisimama. Kisha midomo ya Delphine ikaurudia mstari wa kwanza, na ya aliye nyuma yake, mpaka uwanja mzima ukawa unalitamka jina la Honora bila sauti. Mpiga ngoma kubwa, naye mfumaji, aliisoma ile midomo, akashusha fimbo. Tarumbeta zikafa moja moja.

Bwana Lathrop alimuuliza huyu na yule kijana amesema nini. Wakarudi kwenye maharage yao. Akamwambia Ovila kwamba hana kazi tena.

Ovila akashuka. Honora alikuwa akijifuta macho kwa ukingo wa kofia.

"Mstari wa mwisho sikuuona, mwanangu," akasema, na uwanja wote ukamsikia. "Machozi yaliniziba."

Ovila akamshika mikono, akamwelekezea uso ili aone vizuri. Lakini alisema kwa sauti, maana meneja alikuwa amesimama nyuma yao.

"Jumatatu asubuhi nitasimama nje ya lango, Bi Honora, nikusomee yote minne. Na Jumanne pia. Wakileta bendi nitasoma, wakileta polisi nitasoma, mpaka Bwana Lathrop naye ajifunze kusoma midomo."