Chuo cha Nne Hakikuwa na Kasoro

Baba yangu, Delbert, hamwamini mtu anayevaa shati safi karakanani. Ndivyo alivyokikataa chuo cha kwanza. Mimi nilitaka stashahada ya mitambo ya kilimo, miaka miwili tu, kisha nirudi shambani. Kwenye chuo cha pili alichungulia nati za mashine ya kuvunia, akaninong'oneza, "Rangi haijachubuka hata kidogo, Brynn. Hapa hakuna aliyewahi kushika spana. Tunaonyeshwa pambo." Cha tatu kilikuwa na trekta nyekundu tu, za kampuni pinzani. Sisi ni watu wa trekta za kijani tangu enzi za babu, basi hakushuka hata garini.

Cha nne nilikipenda papo hapo. Sakafu imelowa oili, injini imefumuliwa mezani, mwalimu ana kucha nyeusi. Baba alizunguka saa nzima akitafuta kasoro, akaikosa. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na hapo ndipo mimi nilipoanza kumshuku yeye.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha, tena kwa kufika mwenyewe. Asubuhi pikapu ikagoma. Starta inazungusha vizuri, injini haishiki.

"Betri hiyo," baba akasema kutoka barazani, kikombe cha kahawa mkononi. "Basi tena, utaenda mwakani."

Betri! Betri iliyokufa haizungushi injini namna ile, na yeye anajua hilo kuliko mtu yeyote wilayani kwetu. Nikafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya pampu ya mafuta haikuwa imeungua. Haikuwepo kabisa.

Nilimwendea nimenyoosha mkono, masikio yanawaka kwa hasira.

"Lete."

"Nilete nini?"

"Baba, usinizungushe. Lete."

Akayatazama mahindi ng'ambo ya barabara. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, akaitoa.

"Nani alikufundisha kutazama huko?"

"Wewe. Nilikuwa na miaka tisa."

Macho yake yalikuwa yamelowa, nami hasira ikaniishia kabla sijamalizana nayo.

"Tangu mama yako afariki," akasema, "nyumba hii..."

Nikachomeka fyuzi, gari likawaka. Mlango wa pili ukafunguliwa, baba akapanda, kofia mkononi.

"Nakusindikiza," akasema. "Yule mwalimu bado simwamini."