Maji ya Chini ya Ukuta

Siku ya tatu ya mto kukauka, kijiji kizima kilikuwa kikila samaki. Baraji, ukuta mdogo wa kuzuia maji uliojengwa mlimani, juu ya kijiji hicho cha Kalembe, ilikuwa imegeuza maji yote kuingia katika mfereji wa mashine ya umeme, nayo yalirudi mtoni mbali sana kule chini. Kati ya baraji na huko chini yalibaki madimbwi tu, na samaki waliokotwa kama maharage. Watu walimshukuru Mungu.

Généreuse hakushukuru. Tangu asubuhi alikuwa akipanda na kushuka ukingoni, beseni tupu kwapani, moyo haumtulii. Katika dimbwi la mwisho alikuwa amewaona kambare wenye mayai tumboni, migongo yao ikiwa nje ya maji. Fisi-maji, mnyama asiyependa kuonekana, alitembea juu ya mawe mchana kweupe kwa njaa.

"Chota basi!" jirani yake Laetitia alimwita, kikapu kimemjaa. "Ao unangoja wakupikie?"

"Hawa njo mama za samaki wa mwaka kesho. Ukiwamaliza, utapika mawe?"

"Yakiiva nitakuita, dada."

Généreuse akapanda hadi kwenye baraji. Mbonigaba, mlinzi wa mlango wa maji, alikuwa ameegemea usukani wa chuma unaoufungua.

"Papa Mbonigaba, fungulia mto."

"Nikifungua, mashine ya kusaga itakosa nguvu. Mihogo yako haiko kule?"

Watoto wa Généreuse walikuwa wakiungoja unga huo.

"Iko," alisema. "Papa, kwenu Kibabi wanawake hawafungi vijito?"

"Wavifunge kwa nini?"

"Kuvua. Sisi tunafunga kijito kwa udongo na majani ya migomba, tunachota maji, tunaokota samaki. Lakini kabla ya kujitwika vikapu, tunabomoa ukuta kwa mikono yetu. Mwanamke anayeuacha umefungwa hapelekwi tena kuvua. Ninyi mumefunga siku tatu. Nani atabomoa?"

Mbonigaba alicheka. "Mama, huu ni wa sementi."

"Njo maana nimekuja kwa mwenye usukani."

Mlinzi alitazama chini, kwenye mawe makavu ambayo hakuwa na desturi ya kuyatazama.

"Unataka kiasi gani?"

"Upana wa kiganja. Usiku na mchana, mpaka mvua."

"Kiganja chako ao changu?"

"Chako, Papa. Ni kikubwa."

Akauzungusha usukani. Maji yakachuruzika, kisha yakatoka kwa povu. Kule kijijini mlio wa mashine ya kusaga ukalegea kama pumzi za mzee anayepanda mlima, na makelele ya watu yakaanza.

Généreuse akakimbia kushuka sambamba na maji. Alikuwa amesahau kwamba mto mkavu hunywa kwanza: kila shimo lilijaza tumbo lake kabla ya kuachilia tone. Akayapita maji, akafika yakiwa bado nyuma, akaingia katika dimbwi la mwisho na kusimama mbele ya kambare.

"Toka tuchote," alisema Laetitia. Hakuwa akicheka tena. "Umetunyima unga, na samaki pia?"

"Sitoki."

"Wewe njo mwenye mto?"

Wanawake wengine waliokuja kuchota wakamzunguka, wakimsukuma kwa vikapu. Mmoja akamvuta kitenge. Ndipo maji mapya ya baridi yakamgusa visigino. Dimbwi likapanda hadi magotini, likafurika, na kambare wa kwanza akampita kati ya miguu, akateremka na mto.

Vikapu vikasita. Généreuse hakutoka. Aligeuza sikio kuelekea mlimani, akihofia kusikia mashine ikirudisha mlio wake, maana hapo angejua mlango wa maji umefungwa tena.