Ukurasa wa Tisa Ulikuwa Gramu Kumi

Saa nne asubuhi mhakiki wa gazeti aliweka ukurasa wa tisa kwenye mizani, akaangalia sindano, akaandika: gramu kumi. Ndiyo kazi yake. Kila ukurasa hupimwa kabla ya kwenda mtamboni, kwa sababu karatasi yenye habari za kweli ina gramu kumi tu, na uongo ukiingia uzito hupanda. Michezo huwa robo kilo. Ule wa nyota haupimwi kabisa; hubebwa na watu wawili na hakuna anayelalamika. Wenzake humwita Dada Mizani.

Ukurasa wa tisa, aliouandika mwenyewe, ulikuwa wa Profesa, yule mwanafizikia maarufu aliyetoa kanuni ya uchovu wa nyaya za chuma. Wiki hiyo, kama angekuwa hai, angetimiza miaka mia. Kanuni yake ndiyo inayowaambia mafundi waya wa lifti utabeba kiasi gani na utakatika lini, na Dada Mizani alikuwa ameihangaikia siku tatu aieleze bila kutia chumvi. Aliweka na maneno ya Profesa mwenyewe, kutoka kwenye mhadhara wake wa mwisho: "Kukokotoa nilikokotoa mimi. Kupima alipima yule dada wa maabara, na bila namba zake nisingekuwa na cha kukokotoa."

Dada wa maabara alikuwa mama yake Dada Mizani. Miaka kumi na moja alitundika vyuma kwenye nyaya mpaka zikatike, akaandika namba katika madaftari arobaini. Sasa alikuwa na miaka themanini na mbili, kifua kinambana, na kila asubuhi alikuwa na swali moja.

"Gazeti limetoka?"

"Jumamosi, Mama."

Saa nane mchana ukurasa ulirudi kutoka kwa mhariri mkuu. Ulikuja kwenye kitoroli. Kilo nne na robo. Profesa sasa alikuwa ameota kanuni nzima usingizini, peke yake, akaamka akaiandika nyuma ya bahasha. Maabara haikuwepo. Yule dada naye hakuwepo.

Dada Mizani alipanda ngazi kwa mhariri mkuu.

"Bosi, hii bahasha umeitoa wapi?"

"Si inasomeka vizuri?"

"Kilo nne na robo!"

"Mizani haisomi gazeti, dada yangu. Watu wanapenda mtu mmoja na ndoto moja. Ukianza kuwaletea madaftari, wanasinzia."

"Profesa mwenyewe alisema."

"Profesa ni marehemu. Hatatuandikia barua."

"Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni!"

"Kwani nani kamnyonga mtu hapa?" Bosi aliuliza, akarudi kwenye simu yake.

Jumamosi magari mawili ya usambazaji yalivunjika springi. Wauzaji walipanga gazeti chini, meza zikiwa zimeshavunjika. Msomaji mmoja alipiga simu kuuliza kama anaweza kuuziwa nusu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na magari ya usambazaji.

Nakala ya Mama ililetwa na jirani akisaidiana na shemeji yake, wote wakihema. Waliiweka kitandani, kitanda kikabonyea. Mama alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Mwanangu, mimi nilikuwa wapi?"

Bintiye alitaka kulia, akaona huko ni kumtwisha mgonjwa mzigo wa pili. Alitaka kumkaba mtu koo, na mtu mwenyewe alikuwa ofisini anapokea pongezi.

Mama alishika pembe ya ukurasa kwa vidole viwili, akaunyanyua kidogo, akafumba macho.

"Kilo nne, gramu mia mbili hamsini na tatu," alisema. "Mizani yenu ya kizembe."

Aliomba daftari. Akaandika namba, akatia tarehe, akapiga mstari chini yake kama alivyozoea.

Alifariki Alhamisi. Tangazo la kifo aliliandika binti mwenyewe: mpimaji wa maabara, miaka kumi na moja. Idara ya matangazo ilikuwa na fomu yake, na kwa wanawake wa umri ule fomu ilikuwa na kazi moja tu. Likapangwa: mama wa nyumbani.

"Rekebisheni," alisema Dada Mizani.

"Pole sana kwa msiba, dada, lakini fomu ni fomu."

Alipima. Ukurasa ulikuwa kilo kumi na mbili. Aliandika hivyo kwa herufi kubwa, wakauchapa hivyo hivyo.

Mtambo uko chini ya ardhi na magazeti hupandishwa kwa lifti ya mizigo. Alfajiri ile wapakizi waliogopa kuijaza, fundi akaitwa. Dada Mizani alikuwa amefika kuchukua nakala ya kupeleka msibani. Fundi alifungua kitabu chake kwenye jedwali la nyaya, akafuata safu kwa kidole.

"Itabeba," alisema. "Namba hizi hazijawahi kukosea."

"Za nani hizo?" Dada Mizani aliuliza.

"Wewe nawe! Unafanya kazi gazetini hujui? Za Profesa. Zile alizoota."

Akabonyeza kitufe. Waya ukakaza, na magazeti yote yakapanda.