Yowe la Mama Coletha

Nafundisha darasa la nne, na nakiri kwamba nina ulimi mkali. Ulimi huo umeniponza.

Jumatano ile niliwaambia watoto kila mmoja aje na hadithi ya shujaa wa kwao. Kijiji chetu kiko kati ya Kidodi na milima, na watu wake ni wa aina mbili: sisi wa milimani, ambao babu zetu wamezikwa hapa hapa nyuma ya kanisa, na wale waliokuja juzijuzi na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Nilianza mimi, na hadithi ya bibi wa ukoo wetu. Tembo walimkuta mtoni, mwanawe mgongoni. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliketi, akainamisha kichwa, akatulia mpaka walipomaliza kunywa wakaenda zao, na mtoto hakulia. Sisi sote ni uzao wa mtoto yule. Binti yangu Katarina, aliyekaa dawati la mbele, alipiga makofi kuliko wote.

Kisha akasimama Coletha, binti wa jirani yangu Imelda, mmoja wa wale waliokuja na ng'ombe. Katika hadithi yake zimwi lilikuwa likimeza nyumba moja baada ya nyingine. Mama mmoja kiwete, asiyeweza kukimbia wala kushika mkuki, akapanda juu ya jiwe akapiga yowe mpaka nchi nzima ikaja na mikuki.

"Na shujaa ni nani?" nikauliza. "Aliyelichoma mkuki?"

"Hapana, Mwalimu. Ni yule mama."

"Huyo si shujaa. Huyo ni mwoga aliyeita wenzake."

Darasa likacheka. Coletha akaketi, akafungua daftari akabaki anauangalia ukurasa mtupu. Mimi nikaendelea na somo.

Jumamosi, saa tisa alasiri, nilimtuma Katarina shambani akachukue jembe nililolisahau. Alipokawia nikamfuata, maneno ya kumsema nimeshayaandaa. Mwisho wa njia nikasikia mahindi yanavunjika, na maneno yote yakanikaukia mdomoni.

Walikuwa tembo watatu na ndama mmoja. Tembo wa hifadhini tumewazoea usiku, si mchana kweupe. Katarina alikuwa katikati ya shamba, hatua kama ishirini kutoka kwa jike mwenye ndama. Alikuwa ameketi chini, kichwa amekiinamisha juu ya magoti, ametulia kabisa. Alikuwa anafanya nilichomfundisha.

Nami nikaketi. Nisijisifu, haikuwa busara, ulikuwa woga. Niliogopa hata kumeza mate. Jike akainua mkonga, akanusa upande wa mwanangu, na masikio yakafunguka. Hadithi ya bibi haisemi lolote kuhusu masikio, wala kuhusu upepo unapogeuka. Akapiga hatua moja, halafu ya pili, na mimi mama mzazi nimeuma khanga yangu nisije nikasikika nikipumua.

Imelda akatokea nyuma yangu na ndoo ya maji kichwani. Akaona. Nikaweka kidole mdomoni kumsihi anyamaze. Akaitua ndoo taratibu bila kumwaga tone, akaniangalia kidogo, akaondoka ameinama, akizunguka shamba. Nilidhani anakimbia. Sikumlaumu, nilimwonea wivu.

Akaibuka upande wa pili, juu ya kichuguu, mbali na Katarina, akapiga yowe.

Sikuwahi kusikia sauti kama ile, tena kutoka kwa mtu tunayeombana naye chumvi kila siku. Jike akageuka mzima mzima, akamwendea. Imelda hakushuka. Alizidi kupiga, na kutoka kwenye maboma ya kwao yowe likajibiwa, kisha likajibiwa tena, kisha madebe na filimbi, na watu wakaja mbio, wanawake kwa wanaume, wakielekea kule kule kwenye hatari. Tembo walipoona wingi ule wakakata kona, wakatokomea kwenye miwa. Jike alikuwa amebakiza hatua chache tu kufika kichuguuni.

Nilimbeba Katarina mpaka nyumbani, mtoto wa miaka tisa, mzito kama gunia. Alikuwa amejikojolea. Mimi pia. Njiani niliona nyumba za ndugu zangu wa milimani zimefungwa zote. Ndivyo tulivyo: tukisikia yowe tunaingia ndani kwanza, tunauliza baadaye.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kushukuru, na kuku mkononi. Nilimwomba Coletha radhi mbele ya wazazi wake. Imelda sauti ilikuwa imemkauka kwa lile yowe. Alitabasamu tu na kunishika mkono. Mumewe, Mashauri, aliitikia shikamoo ya Katarina, kisha akanigeukia.

"Kuku tunampokea, Mwalimu, lakini jambo hili halina asante. Ukisikia yowe, unakuja. Asiyekuja, kwetu hata moto wa kupikia hatumpi."

"Na kama naogopa?"

"Unakuja hivyo hivyo unaogopa."

Katarina alikuwa anasikiliza, ametulia kama anavyotulia darasani. Nilimwona, sikutilia maanani.

Alhamisi, jua likielekea kuzama, nilikuwa nasonga ugali. Yowe likalia upande wa kina Mashauri. Lilikuwa na mkwaruzo, sauti ambayo haijapona vizuri, na juu yake tembo akalia. Kabla sijawaza lolote, mkono wangu ulikuwa umeshakomea mlango.

"Kata," nikaita. "Usisogee dirishani."

Jikoni hayupo, chumbani hayupo. Nikachungulia nje, nikaliona gauni lake la shule limeshafika mwisho wa mahindi, debe tupu mkononi, anakimbia kulifuata lile yowe. Katika upande wetu mzima wa kijiji, aliyetoka ni mwanangu peke yake.

Nikalivuta komeo. Likanikwaruza vidole. Nilikimbia ninaogopa, nikafungua mdomo, na yowe likatoka, baya, la mtu asiyelizoea. Nyuma yangu nikasikia makomeo ya ndugu zangu yakifungwa, nyumba moja baada ya nyingine.